Kuchora sumaku ya korona ya Jua kwa laptopu ya kawaida, hatua kwa hatua toka Kigoma

Mwakeye wana Kigoma, na nyie wengine wote habari za kwenu. Mi nafundisha fizikia hapa mjini, na haya mambo yalianza darasani, nilikua naelezea tabaka za Jua nikafika kwenye korona, kijana wa nyuma akanyoosha mkono, "Mwalimu, hiyo ndo ile ya barakoa?" Darasa likavunjika mbavu. Nikawaambia neno ni moja, maana yake taji, ila hii yetu ni hewa ya nje kabisa ya Jua, ile nyeupe inayoonekana kama manyoya pembeni mwezi ukilifunika Jua lote. Basi binti mmoja aliyekua hajacheka akauliza, uso wa Jua una digrii kama elfu tano na mia tano hivi, korona iliyo juu yake ina milioni moja mpaka mbili, sasa anayeipasha nani, maana ukisogea mbali na jiko unapoa sio unaungua zaidi?

Swali zuri kinoma na wataalamu bado wanagombana nalo, ila wote wanakubali mkono wa sumaku umo humo. Nikarudi nyumbani nikaanza kutafuta namna ya kuuona huo uga wa sumaku kwa macho, nikakuta kuna njia inayokubali kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, na ramani ya sumaku ya uso wa Jua unayopakua haifiki hata MB 1. Imenichukua wiki kadhaa za kukosea, we fuata hapa utatumia wikendi moja.

Kabla ya yote, kwa nini tunachora badala ya kupima tu. Sumaku ya uso wa Jua inapimika vizuri, rangi fulani za mwanga zinapasuka zikitoka kwenye gesi iliyo ndani ya uga wa sumaku, Zeeman aliigundua hiyo tabia maabara mwaka 1896 na Hale akaitumia kwenye madoa ya Jua mwaka 1908. Doa kubwa linafika gausi (kipimo cha nguvu ya sumaku) 3,000 hivi au zaidi, wakati dira yako hapa Kigoma inayumbishwa na uga wa Dunia ambao haufiki hata nusu gausi. Lakini ukipanda koronani mambo yanakua magumu, uga umepungua, gesi ni ya moto sana kiasi kwamba zile rangi zimetanuka na mpasuko unamezwa humo humo, na mwanga wenyewe ni hafifu karibu mara milioni kuliko wa uso. Darubini ya Inouye kule Hawaii, yenye kioo cha mita 4, imeweza kupima na ramani zao zilitoka 2024, lakini ni pale ukingoni mwa Jua sio duara zima kila siku. Kwa hiyo dunia nzima inafanya hivi: pima chini, kokotoa juu. Hicho ndo tunakwenda kufanya, na muda wote kumbuka kwamba kilichopimwa ni cha chini, cha juu ni hesabu.

Hatua ya kwanza, acha laptopu, nenda kwa fundi wa kuchomelea

Usiruke hii hata kama unajiona umeiva. Tafuta spika ya redio iliyokufa, toa ile sumaku ya duara nyuma. Kisha nenda kwa mchomeleaji yeyote, pale chini ya grainda kuna vumbi jeusi la chuma, chota kwenye mfuko wa rambo. Mi fundi wangu aliniangalia sana, akasema "Mwalimu chukua bure, ila usije ukasema nimekuuzia uchafu." Weka karatasi juu ya sumaku, nyunyiza vumbi taratibu, gonga karatasi kwa kidole.

Utaona vumbi linajipanga kwenye matao. Angalia vitu viwili. Karibu na sumaku kila kikona kina tao lake, ukienda mbali matao madogo yanapotea yanabaki makubwa machache. Pili, sasa weka sumaku mbili, uone jinsi mistari inavyobadili njia yote, tao lililokua linarudi nyumbani linaenda kwa jirani. Korona ni hivyo hivyo ila badala ya sumaku mbili kuna maelfu ya vipande, vyekundu na vya bluu, yani vinavyotoka nje na vinavyoingia ndani. Na ile mistari sio nyuzi zipo pale kweli, ni sisi tunaichora kufuata mwelekeo, ukiongeza vumbi unapata mistari mingi zaidi wakati sumaku ni ile ile. Watu wengi wanasahau hapa, wakichora mistari 2,000 wanadhani wameona zaidi ya aliyechora 200.

(Neno lenyewe "uga" nalipenda, ni kile kiwanja cha mbele ya nyumba watoto wanapochezea. Kila sehemu ya kiwanja ina hali yake hata kama hakuna aliyesimama hapo.)

Hatua ya pili, kuelewa ule uongo mzuri unaofanya hesabu iwezekane

Njia tunayotumia inaitwa PFSS, kirefu chake Potential Field Source Surface. Ilitoka mwaka 1969, Schatten, Wilcox na Ness upande mmoja, Altschuler na Newkirk upande mwingine, miaka hiyo kompyuta ilikua inajaza chumba, kwa hiyo usiogope laptopu yako. Inasimama kwenye dhana mbili.

Dhana ya kwanza: koronani hakuna mkondo wa umeme unaopita. Sio kweli, upo. Ila ukisema haupo, hesabu inarahisika mno, uga wote unatoka kwenye kitu kimoja kinachotii mlinganyo wa Laplace, ule ule wa umeme tuli wanaousoma vijana chuoni. Uga wa namna hiyo unaitwa potenshali.

Dhana ya pili ndo tamu. Kuna umbali fulani kutoka katikati ya Jua ambapo tunasema kuanzia hapa mistari yote inaenda nje moja kwa moja, hakuna kukunja kurudi. Kwa nini? Nenda jioni kwa wale wanaobanika migebuka utazame moshi. Karibu na moto moshi unajikunja kunja unavyotaka, ukishavuka paa upepo wa ziwani unaubeba wote upande mmoja. Koronani chini sumaku ndo bosi na gesi inafuata, ukipanda uga unadhoofika, upepo wa Jua, yani gesi inayotoroka kwenda nje, unapata nguvu na kuivuta mistari nje. Ule mpaka wa "paa" wanauita sosi-safesi, na kwa mazoea unawekwa kwenye nusu-kipenyo 2.5 za Jua. Nusu-kipenyo moja ni kama kilomita 696,000 kwa hiyo paa liko karibu kilomita milioni 1.74 kutoka katikati. Halisi mpaka sio mduara safi, unapanda na kushuka, na mabadiliko hayatokei kwa ghafla. Ila uongo huu umefanya kazi nzuri zaidi ya miaka 50, na hakuna atakayekucheka ukiutumia ilimradi unasema umeutumia.

Kidogo cha hesabu, wasiopenda warukie hatua ya tatu. Ramani ya uso tunaivunja kwenye maumbo, kuna umbo kubwa la ncha mbili, lenye namba 1, mpaka maumbo madogo madogo ya namba kubwa. Kila umbo linapungua ukipanda, na kadri lilivyo dogo ndo linavyokufa haraka. Kama hakungekua na paa, umbo namba 1 likifika 2.5 linabaki moja ya 16 hivi ya nguvu yake, umbo namba 9 linabaki moja ya 24,000. Ni kama soko la Mwanga, ukiwa ndani unamsikia muuza nyanya na muuza mitumba kila mmoja na sauti yake, ukiwa mlimani unasikia muungurumo mmoja tu. Ndo maana ramani ndogo ya pikseli 360 kwa 180 inatosha kabisa, ile kubwa ya maelfu ya pikseli unalipia bando kwa vitu ambavyo vitakufa kabla ya kufika popote.

Hatua ya tatu, kuandaa mashine

Unahitaji Python, lugha ya kuandikia programu, na paketi mbili, sunpy na sunkit-magex. Zamani kazi hii ilifanywa na paketi inayoitwa pfsspy, aliitengeneza David Stansby, saa hizi imehamishiwa ndani ya sunkit-magex, kwa hiyo ukikuta maelekezo ya zamani yanasema pfsspy usihangaike nayo, badilisha jina tu mengi yanafanana. Amri ni:

pip install sunpy sunkit-magex

Fanya usiku bando likiwa rahisi, maana zinavuta na ndugu zao akina numpy, scipy, astropy na matplotlib, huo ndo mzigo mkubwa kuliko ramani zote utakazopakua mwaka mzima. Na fanya betri ikiwa imejaa. Mi umeme ulikata katikati, ikabaki nusu nusu, asubuhi kila nikiita sunpy inaniambia haipo wakati folda naiona, nikaishia kufuta yote na kuanza upya.

Hatua ya nne, kupata ramani

Chanzo ninachokipenda ni GONG, mtandao wa vituo sita vya kupima Jua vilivyozunguka Dunia ili Jua lisizame kwao: California, Hawaii, Australia, India, Tenerife na Chile. Faili zao ziko wazi, huhitaji kujisajili. Chanzo kingine ni chombo HMI kilicho kwenye satelaiti ya SDO iliyorushwa Februari 2010, picha zake ni pikseli 4,096 kwa 4,096, safi sana, ila kuomba data wanataka usajili barua pepe na ramani zao ni kubwa itabidi uzipunguze. Anza na GONG.

Faili utakayoitafuta jina lake linaanza na mrzqs. Jifunze kulisoma, mfano mrzqs200901t1304c2234, ni tarehe 1 Septemba 2020, saa 13:04 ya saa za ulimwengu yani kwetu saa kumi na dakika nne jioni, na c2234 ni namba ya mzunguko wa Carrington, Jua kuzunguka mara moja kama linavyoonekana toka Duniani, wastani wa siku 27.28, zinahesabiwa tangu Novemba 1853.

Sasa hapa nikae kidogo, kwa sababu watu wanaiangalia ile ramani kama picha na sio picha. Sisi tunaona upande mmoja tu wa Jua. Ile ramani imeunganishwa vipande vya karibu mwezi mzima. Chukulia umepanda boti Kibirizi unaenda kusini mpaka Kalya, njiani unapiga picha za ufukwe, ya kwanza asubuhi, ya mwisho usiku, halafu unaziunga unasema huu ndo ufukwe wetu leo saa sita. Nyumba hazijahama sawa, lakini mitumbwi je? Kwenye Jua madoa ndo mitumbwi. Doa likizaliwa leo upande wa nyuma, kwenye ramani yako halipo mpaka lizunguke lije huku, na kama ni kubwa linaweza kupindisha mistari mpaka ya upande huu tunaouona, kama ulivyoona ulipoleta sumaku ya pili.

Na ncha za Jua ndo kasheshe zaidi. Mhimili wa Jua umeinama digrii 7.25 tu ukilinganisha na njia yetu, kwa hiyo ncha ya kaskazini tunaichungulia vizuri Septemba na ya kusini Machi, miezi mingine tunaiona kwa pembeni sana, namba zinazojaa pale ni za kukadiria. Bahati mbaya ncha ndo zinalisha lile umbo namba 1 ambalo ndo linabaki juu. Yani sehemu tunayoijua vibaya kuliko zote ndo yenye sauti kubwa kuliko zote. Ukiona watu wawili wametumia njia moja wamepata korona tofauti, uliza kwanza wamejazaje ncha.

Hatua ya tano, kusafisha

Mambo matatu, yote yamewahi kuniumiza.

Kwanza wastani. Jumla ya sumaku inayotoka kwenye Jua na inayoingia lazima iwe sifuri, hakuna sumaku yenye ncha moja. Vifaa vinapima kwa makosa madogo kwa hiyo wastani wa ramani hautoki sifuri kamili. Toa wastani kwenye kila pikseli kabla ya kuendelea, data ukitoa np.mean ya data, mstari mmoja tu. Usipofanya hivyo unalisha hesabu kitu ambacho maumbile hayana, na jibu la juu linaegemea upande mmoja.

Pili mashimo. Ramani nyingine, hasa za HMI, zina pikseli zisizo na namba kule nchani, zinaandikwa NaN. NaN moja inatosha kula jibu lote likatoka tupu. Angalia kwanza kama zipo.

Tatu ndo iliyonila wiki. Mistari ya pikseli kwenye ramani hizi haijapangwa kwa digrii sawa za latitudo, imepangwa kwa hatua sawa za saini ya latitudo (ile sine ya hesabu), ili kila pikseli ibebe eneo sawa la uso wa Jua. Mi nilidhani ni digrii, nikatengeneza heda (maelezo ya mwanzo wa faili) yangu mwenyewe, ncha zikavimba, nikapata korona nzuri ya kupendeza ambayo haifanani na Jua lolote. Nilishawaonyesha mpaka walimu wenzangu. Paketi inataka ramani iwe na mpango unaoitwa CEA, yani huo wa eneo sawa, kwenye heda na izunguke Jua lote, ikikukatalia usiilazimishe, ina sababu.

Hatua ya sita, jaribu kwanza na Jua la uongo

Hii hutaikuta kwenye maelekezo mengi na naona ndo muhimu kuliko zote. Kabla ya kulisha Jua halisi, lisha Jua ambalo jibu lake unalijua.

Tengeneza ramani ya uongo ya sumaku rahisi ya ncha mbili, gausi 1 ncha ya kaskazini na hasi 1 ya kusini. Kwa sababu ya ule mpango wa saini, ramani hiyo ni rahisi mno, mistari 180 inayopanda kwa hatua sawa toka -1 mpaka 1, safu zote zinafanana. Heda yake paketi inakutengenezea, kuna kifaa kinaitwa carr_cea_wcs_header ndani ya pfss.utils.

Sasa jibu kwa kalamu. Kwa umbo namba 1 lenye paa kwenye 2.5, nguvu inayoelekea nje kwenye umbali r inafuata 2 gawanya r kwa kipeo cha tatu, jumlisha 1 gawanya 2.5 kwa kipeo cha tatu. Kipeo cha tatu cha 2.5 ni 15.625. Usoni unapata 2 + 0.064 = 2.064. Kwenye paa unapata 0.128 + 0.064 = 0.192. Gawanya, 0.192 kwa 2.064, unapata 0.093. Kwa hiyo kompyuta yako ikikuletea kama 0.093 gausi juu ya ncha, uko salama. Ikileta 0.064, umesahau paa. Ikileta kitu kingine kabisa rudi hatua ya tano, latitudo zako zimepinda. Ningejua hii mapema ile wiki yangu isingepotea.

Hatua ya saba, Jua lenyewe

Sasa ramani halisi. Kiini cha msimbo ni mistari mitatu:

from sunkit_magex import pfss
ingizo = pfss.Input(ramani, 35, 2.5)
jibu = pfss.pfss(ingizo)

Hiyo 35 ni idadi ya ngazi toka uso mpaka paa, na 2.5 ndo paa lenyewe. Ngazi 35 kwa 180 kwa 360 ni vyumba milioni 2 na laki mbili na ushee, laptopu ya GB 4 inabeba, funga tu kivinjari na muziki. Nenda ukaweke chai jikoni, ukirudi imemaliza.

Kitu cha kwanza kuchora sio mistari. Chora jibu.source_surface_br, yani uga pale kwenye paa. Utaona mabaka yote ya uso yameyeyuka imebaki rangi mbili zimegawanywa na mstari mmoja unaopinda pinda kuzunguka Jua. Mstari huo wa sifuri ndo mzizi wa ile shuka kubwa ya mkondo wa umeme inayosambaa mpaka kwetu na kupita sayari. Wakati Jua limetulia, kama mwishoni mwa 2019, mstari unalala karibu na ikweta ya Jua. Jua likichachamaa unapanda mpaka karibu na ncha, ukitumia ramani za 2024 utaona umevurugika, maana ndo kipindi ncha za Jua zinabadilishana, kitu kinachotokea kila miaka 11 hivi. Chukua ramani moja ya kila kipindi uziweke pembeni kwa pembeni, mi niliwaonyesha wanafunzi hizo mbili tu na kipindi kikaisha.

Hatua ya nane, kufuata mistari

Hapa ndo vumbi la chuma linarudi. Unachagua pointi za kuanzia, juu kidogo ya uso mfano 1.01, halafu kompyuta inafuata mwelekeo wa uga hatua kwa hatua mbele na nyuma mpaka mstari ugonge uso au paa. Ukigonga uso pande zote mbili ni mstari uliofunga, gesi imefungiwa humo, inang'aa. Ukigonga paa ni mstari ulio wazi, gesi inatoka, na hiyo ndo inakua upepo wa Jua. Paketi inakugawia yenyewe, kuna is_open na polarity, watu wanachora nyeusi kwa iliyofunga, nyekundu na bluu kwa iliyo wazi.

Anza na pointi 30 kwa 30, mistari 900 inatosha. Mi kwa pupa niliweka pointi kila pikseli, 64,800, halafu nikatumia kile kifuatiliaji cha Python tupu ambacho ni kobe, nikalala, nikaamka, bado, feni inalia kama mashine ya kusaga. Tumia kile cha haraka, PerformanceTracer, kama imekubali kuingia kwenye mashine yako.

Hatua ya tisa, mlinganishe na ukweli

Mistari inapendeza, utataka kuiweka kwenye status saa hiyo hiyo. Subiri. Pakua picha ya SDO ya siku hiyo hiyo, chombo AIA, rangi ya 193 (ni urefu wa wimbi la mwanga), iko wazi kwenye tovuti ya Helioviewer na hata simu inaifungua. Utaona sehemu nyeusi, hayo ni matundu ya korona, gesi imetoroka. Yanatakiwa yakae pale ambapo mistari yako iliyo wazi inatia mguu. Weka moja juu ya nyingine. Yakipishana kidogo ni kawaida. Kama tundu zima kwenye picha liko mahali ambapo we una mistari iliyofunga tu, kuna kitu.

Kabla hujalaumu msimbo cheza na paa. Endesha tena kwa 1.5, 2.0, 3.0. Ukilishusha paa mistari mingi inakamatwa na kufunguliwa, matundu yanapanuka, ukilipandisha yanasinyaa. Kuna vipindi 2.0 inafaa zaidi kuliko 2.5, na hata Schatten na wenzake mwaka ule wa 1969 waliweka 1.6, hiyo 2.5 ilikuja kuzoeleka baadaye. Usichague namba kwa sababu imezoeleka, chagua inayokaa na matundu ya siku hiyo, halafu iandike.

Kwa juu zaidi linganisha na picha za LASCO, kamera ya satelaiti ya SOHO inayoziba Jua kwa kisahani, au picha za kupatwa kamili. Zile kofia zenye ncha unazoziona ndefu zimekaa juu ya matao yaliyofunga, pale kwenye ule mstari wa sifuri. Kupatwa kwetu kwa tarehe 1 Septemba 2016, kule Rujewa mkoani Mbeya walipoona pete, hakufai kwa hili, pete ikibaki hata nyembamba uso unaizima korona yote. Na tafadhali, kwa ajili ya zoezi lolote usiangalie Jua kwa jicho, wala kwa filamu ya eksirei, wala jioni likiwa jekundu linazama upande wa Kongo ukadhani limepoa. Ukitaka kuona madoa geuza darubini ndogo, Jua lipite lidondoke kwenye karatasi nyeupe, chora kwa penseli, halafu ukatafute madoa hayo hayo kwenye ramani ya GONG. Vijana wangu walipenda hii kuliko msimbo wote.

Hatua ya kumi, kujua mahali pa kuacha

Kuna mtu ataniuliza, sasa na mlipuko wa Jua naweza kuutabiri? Kwa njia hii hapana, na sababu ni ya msingi sio ya laptopu. Uga wa potenshali ndo wenye nishati ndogo kuliko uga wowote unaolingana na ramani hiyo ya uso. Mlipuko unakula nishati ya ziada, ile inayowekwa pale matao yanaposokotwa kama kamba ya nyavu, na kusokotwa huko ndo mikondo ya umeme tuliyosema haipo. Yani tumefuta kwa mkono wetu kitu kinacholipuka. Wanaotaka hiyo wanatumia ramani zenye pande zote tatu za uga, wanakokotoa uga uliosokotwa unaoacha mikondo ipite sambamba na sumaku, na hata ramani hizo zina shida yake, kipimo cha pembeni hakikuambii mshale unaelekea kushoto au kulia, lazima uamue mwenyewe. Juu ya hapo kuna wanaoendesha gesi na sumaku pamoja kwenye kompyuta kubwa sana, Predictive Science kule Marekani walitangaza sura ya korona kabla ya kupatwa kwa Agosti 2017 na tena Aprili 2024, ile ya pili wakawa wanaisasisha kadri ramani mpya zinavyoingia.

Pia ukijumlisha sumaku yote iliyo wazi kwenye jibu lako, mara nyingi inakua pungufu kuliko ile vyombo vya angani vinavyoipima huku karibu na Dunia, hata kwa nusu. Sio kosa lako, ni tatizo la wote, modeli za gharama nazo zinalo.

Ila usiidharau. Watabiri wa upepo wa Jua wanaanzia hapa hapa, modeli ya WSA inaangalia mstari ulio wazi umetanuka kiasi gani toka uso mpaka paa, uliotanuka kidogo unatoa upepo wa kasi, uliotanuka sana unatoa wa polepole. Na chombo Parker, kilichorushwa Agosti 2018 na kufika kilomita milioni 6.1 toka uso wa Jua mkesha wa Krismasi 2024, wanasayansi wakitaka kujua upepo uliokigonga umetoka tundu gani, mara nyingi wanachora PFSS kwanza, kama we hapo.

Yule binti nilimpa ramani mbili na laptopu wakati wa likizo. Amerudi na swali lingine, kama paa linabadilika siku kwa siku kwa nini tusiliweke la mawimbi badala ya mpira? Nimemwambia wapo wanaojaribu. Sasa hivi tunachofanya naye ni maandalizi ya kupatwa kamili kwa tarehe 2 Agosti 2027, njia inapita Misri, Luxor watakaa gizani zaidi ya dakika 6. Sisi njia haitugusi, lakini picha zitatoka saa hiyo hiyo. Mpango ni kupakua mrzqs ya mwisho kabla ya siku hiyo, kuendesha paa tatu, 2.0, 2.5 na 3.0, kuchapisha stationery hapo Mwanga, kuandika tarehe na saini nyuma ya kila karatasi na kuzifungia kabatini, ufunguo akae nao yeye mpaka picha za Luxor zitoke.